Barua ya wazi kwa masheikh na wasimamizi wa bahari ya Pemba: Isomeni aya ya samaki mpaka mwisho

Kwa masheikh, maimamu na walimu wa madrasa wa Pemba, kwa Ofisi ya Mufti, na kwa wakuu wote mliokabidhiwa bahari ya Zanzibar,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, naandika kwa adabu lakini sitazunguka. Siku hizi bahari inatajwa kila mahali: kwenye semina, kwenye mabango, kwenye hotuba za uchumi wa buluu. Mahali inapotajwa kidogo ni juu ya mimbari, na hapo ndipo watu wa madagoni (kambi za wavuvi) na madikoni (wanakoshushia samaki) wanapokaa kimya wakasikiliza. Ikitokea siku ikatajwa, mara nyingi ni kwa sababu amekuja ofisa na karatasi yenye orodha ya nyavu zilizopigwa marufuku, akamwomba imamu aisome baada ya sala ya Ijumaa. Imamu anaisoma. Watu wanatafuta viatu vyao.

Tangazo kama lile lingeweza kubandikwa kwenye mnazi wa dikoni na kazi ikawa ile ile. Mimi nawaomba waadhi, na aya ninayotaka iwaidhiwe nyote mmeihifadhi.

Katika Suratul A'raf, kuanzia aya ya 163, Mwenyezi Mungu anamwamrisha Mtume (S.A.W.) awaulize watu habari za mji uliokuwa kando ya bahari. Wafasiri wengi wanasema ni Ayla, kule kwenye Ghuba ya Aqaba. Ulikuwa mji wa wavuvi. Walikatazwa kuvua siku ya Jumamosi, na siku hiyo hiyo samaki wakawa wanakuja juu juu mpaka wanaonekana, siku nyingine hawaji. Mtihani wa namna hiyo mvuvi anauelewa kuliko mtu yeyote. Wakafanya hila. Inasimuliwa kwamba walitega nyavu na kuchimba vidimbwi Ijumaa, samaki wakaingia Jumamosi, wao wakaenda kuwatoa Jumapili. Ukiwauliza, watakwambia: sisi Jumamosi hatukuvua.

Nani asiyewajua watu hawa? Eneo likifungwa, yupo anayetandaza wavu mita chache nje ya boya ili mkondo umletee. Yupo anayekuonesha wavu wenye macho ya halali, kumbe ndani yake ameshonea mwingine wa macho ya chandarua. Ukimshika anakupa fatwa, na mara nyingine anaitoa vizuri kuliko sisi walimu.

Hiyo sehemu ya hila ndiyo tunayoisikia ikisomwa. Lakini aya ya 164 inatuonesha kuwa mji ule uligawanyika makundi matatu. Walikuwepo waliovunja amri, na walikuwepo waliowakataza. Kisha likawepo kundi la katikati, halikuvua wala halikukataza, ila liliwageukia wale wenye kuwaidhi na kuwauliza: kwa nini mnawawaidhi watu ambao Mwenyezi Mungu atawaangamiza au kuwaadhibu? Wakajibiwa: ili tuwe na udhuru kwa Mola wenu, na huenda nao wakamcha Mungu. Aya ya 165 inasema waliookolewa ni wale waliokuwa wakikataza maovu, na waliodhulumu wakashikwa kwa adhabu kali. Kundi la kati halikutajwa tena.

Inasimuliwa katika vitabu vya tafsiri kwamba Ibn Abbas (R.A.) alikuwa akizisoma aya hizi akilia, hajui waliokaa kimya walipatwa na nini, mpaka mwanafunzi wake Ikrima akamwonesha kuwa wale nao walikichukia kile kitendo, ndipo akafarijika, akaagiza Ikrima azawadiwe nguo. Sahaba yule, aliyebobea katika Qur'ani kiasi kile, machozi yalimtoka. Sisi kisiwa kizima kinaishi kwa samaki na tunazipita aya hizi macho makavu tukiwahi kumaliza juzuu.

Nendeni dikoni asubuhi moja wakati wa bamvua, bila ya msafara. Juya, yaani wavu wa kukokota, likivutwa, kitu cha kwanza kutoka majini si samaki. Ni majani ya bahari, yamekuja na mizizi yake, yananing'inia kwenye macho ya wavu kama nywele. Ndani yake mna tasi wa urefu wa kidole, watoto wa changu ambao mistari yao bado haijakolea, kaa wachanga, na vipande vya matumbawe vilivyovunjika, vingine bado vina ute. Wanachambua hapo hapo mchangani. Samaki wa maana, ambao siku hizi ni wachache, wanaingia kwenye ndoo ya mchuuzi. Wadogo wanapangwa mafungu juu ya gunia, fungu la kujaa kiganja, na kwenye fungu la mwisho wapo wanaofumba na kufumbua midomo. Kinachobaki ni cha kunguru. Mnunuzi anajua, muuzaji anajua, na hakuna anayesema neno, maana wote wana watu wanaowasubiri nyumbani.

Pale sikumwona mtu mwovu. Niliona mtu mwenye deni la mashine na watoto watano. Na Suratul Rum, aya ya 41, haikusema ufisadi wa bara na baharini umeletwa na watu wabaya. Imesema ni kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu. Mkono unaovuta kamba ya juya ni mkono wa mtu. Mkono unaotia saini mkataba wa kukodisha ufukwe nao ni mkono wa mtu. Huo wa pili hausikiki ukitajwa kwenye waadhi, nami nitaurudia.

Najua wapo watakaosema kuwa kuunganisha dini na hifadhi ni jambo lililoletwa na wafadhili. Jibu la hilo liko kilomita kama 10 magharibi ya Pemba, katika kisiwa cha Misali. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri aliwatokea wavuvi pale, akaomba msala wa kuswalia. Hawakuwa nao. Akawaambia hapana haja, kwa kuwa kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, kitakuwa ndio msala wake. Wapo kati yenu wasiopenda hadithi za namna hii na naheshimu hoja zao, sitaki kujenga fiqhi juu ya simulizi. Ninachosema ni kuwa watu wa Misali walikuwa na adabu na mahali pale kabla mradi wowote haujatia nanga.

Adabu hiyo ndiyo iliyowasimamisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulipokuja mpango wa kukikodisha kisiwa kwa mwekezaji wa hoteli. Wavuvi walikataa. Misali ndipo dago lao, ndipo wanapolala, wanapokausha samaki na kusubiri upepo ugeuke. Mpango ule ukashindwa, na mwaka 1998 kisiwa na miamba yake vikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, kwa sharti ambalo mpaka leo naliona la busara: wavuvi waendelee kuvua, isipokuwa sehemu ndogo ya upande wa magharibi ambako matumbawe ni mazuri zaidi, hiyo iachwe kabisa. Ikaundwa jumuiya ya wavuvi wenyewe, MICA, kwa msaada wa shirika la CARE. Kasa wakaendelea kupata mchanga wa kutagia.

Kisha wakagundua kuwa kutangaza ni kitu kimoja na kutiiwa ni kingine. Hapo ndipo ilipoitwa IFEES, taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Birmingham, Uingereza, na mwanzilishi wake, Fazlun Khalid, Mwislamu mzaliwa wa Sri Lanka. Wakaketi na wavuvi, masheikh na maofisa, wakaifunika sheria ya uvuvi na kuufungua msahafu. Wakasoma ukhalifa wa mwanadamu katika Suratul Baqara. Wakasoma mizani katika Suratul Rahman, kwamba msidhulumu katika mizani. Wakasoma katazo la israfu, yaani ubadhirifu. Mambo yale yale mnayoyafundisha kila Ramadhani, safari hii yakiwa na mwamba na wavu mbele yake. Maneno ya mvuvi mmoja yakafika mpaka kwenye magazeti ya nje: serikali ni rahisi kuipuuza, lakini sheria ya Mungu hakuna awezaye kuivunja.

Maneno mazuri, na wageni waliyapenda. Mimi siyaamini sana. Sheria ya Mungu inavunjwa kila siku, na sisi walimu ni mashahidi. Nadhani kilichofanya kazi ni kwamba aliyesema ni sheikh wanayemjua, aliyemzika baba yao na kuwaozesha dada zao, na kesho yake alfajiri yuko nao safu moja. Doria inapita na kuondoka. Sheikh unamkuta dukani. Kwa hiyo aliyedhani kazi ile imekwisha pale semina ilipofungwa hakuelewa alichokiona. Mwaka 2005 Misali ikaingizwa ndani ya hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba, PECCA, inayochukua bahari yote ya magharibi ya kisiwa chetu. Hifadhi imekuwa kubwa. Nauliza kama waadhi nao umekuwa.

Sasa niurudie ule mkono wa pili.

Mnapowafundisha watu kuwa Uislamu una hima, yaani eneo la kuhifadhiwa, tafadhali fundisheni na historia yake. Kabla ya Uislamu, mkubwa wa kabila la Waarabu alikuwa akifika mahali penye malisho mazuri, akapanda juu na mbwa wake, akambwekesha. Pote sauti ilipofika pakawa pake peke yake, na papo hapo anachunga pia pamoja na wengine nje ya mpaka huo. Mtume (S.A.W.) akaivunja desturi ile kwa kauli iliyomo katika Bukhari: hapana hima ila ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Kisha yeye mwenyewe akalihifadhi eneo la malisho la Naqi' kwa ajili ya farasi wa Waislamu, yaani kwa maslahi ya wote.

Alipokuja Sayyidna Umar (R.A.) alimweka mtumishi wake, Hunayy, kusimamia hima, na wasia aliompa umo katika Bukhari pia. Alimwambia awe mpole kwa watu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu aingie mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na ya Ibn Affan. Akaeleza na sababu: hao wawili mifugo yao ikifa, wanayo mitende na mashamba ya kurudia, lakini mwenye wachache, wakimfia, atanijia na watoto wake akilia, ewe Amirul Muuminin, ewe Amirul Muuminin.

Abdulrahman bin Auf na Uthman bin Affan ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Umar hakuwa na ugomvi nao. Alikuwa anapanga nani aingie kwanza penye kitu kichache, akaanza na maskini, akawataja matajiri kwa majina yao.

Wakuu wa bahari, maneno haya yanawahusu. Katika miaka ya karibuni tumesikia mengi juu ya kukodisha visiwa vidogo vya Zanzibar kwa wawekezaji. Sipingi uwekezaji. Nina wanafunzi wanaotafuta kazi, na hoteli inaajiri. Lakini pale kisiwa kinapofungwa kwa mvuvi wa mtumbwi kwa jina la hifadhi, kisha kikafunguliwa kwa mwenye boti ya kifahari kwa jina la utalii, mnayofuata si hima ya Umar, ni ile ya mwenye mbwa. Na mvuvi analiona hilo haraka sana. Akishaliona, hakuna khutba itakayomfanya auheshimu mpaka wenu, na nisingependa kuwa imamu nitakayetumwa kwenda kumweleza.

Ndiyo maana nasema dini msiitumie kwa upande mmoja. Anayetaka Suratul A'raf isomwe kwa wavuvi akubali na wasia wa Umar usomwe kwa watia saini, msikiti huo huo, Ijumaa hiyo hiyo ikibidi. Mikataba inayogusa ufukwe na madago isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wa shehia kabla haijasainiwa. Ada wanazolipa wageni wanaokuja kuogelea kwenye miamba yetu zijulikane ni kiasi gani na zimekwenda wapi, zibandikwe dikoni mwezi kwa mwezi. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji gundi.

Kwenu masheikh nina ombi refu kidogo. Wavuvi wa Kisiwa Panza, hapa hapa Pemba, wamejifunza kufunga mwamba wao kwa miezi, pweza wakue, kisha waufungue kwa siku zilizopangwa. Ni Jumamosi ya Ayla kabisa, tena wamejiwekea wenyewe. Siku ya kufunga na siku ya kufungua mwamba kama huo zina haki ya kuwa na waadhi wake, kama mwandamo wa mwezi ulivyo na wake. Siku ya kufunga isomwe habari ya samaki waliokuja juu juu. Siku ya kufungua isomwe haki ya kugawana: mwanamke anayekwenda kwa miguu na kijiti chake maji yakitoka, asije akakuta wazamiaji wa mbali wamekwisha kuupita mwamba usiku.

Madrasani, hadithi zipo nyingi na watoto wanazipenda. Ipo ya Nabii aliyeumwa na chungu mmoja akaamuru kichuguu kizima kichomwe, Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuangamiza umma unaomsabihi. Imo katika Bukhari na Muslim. Mtoto akishaielewa hiyo, hamhitaji kumweleza kwa mchoro kwa nini asivunje tumbawe ili ampate kaa mmoja. Ipo ya mche: kiama kikisimama na mkononi mwa mmoja wenu mna mche, akiweza kuupanda kabla hakijasimama, aupande. Kwetu mche ulio karibu ni wa mkoko, na ukingo ulioachwa mtupu kwa kukatwa boriti hauko mbali na madrasa nyingi. Wenzetu wa bara wametutangulia katika hili. Kilimanjaro, katika Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kilutheri (KKKT), vijana wa kipaimara wamekuwa wakitakiwa kupanda miti, na Askofu Fredrick Shoo akapata jina la askofu wa miti. Sioni kwa nini kijana wetu ahitimu juzuu thelathini bila ya kuacha mkoko hata mmoja uliosimama.

Tuangalie na misikiti yetu. Hadithi ya kukataza israfu katika udhu, hata ukiwa kwenye mto unaopita, ameipokea Ibn Majah. Wanachuoni wameijadili isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, lakini maana yake hakuna aliyeipinga, na mfereji wa kutawadhia unaovuja tangu mwaka jana hauhitaji isnadi.

La mwisho ni zito zaidi, maana waadhi peke yake unaweza kuwa dhulma. Ukimwambia mtu wavu wako ni haramu na wavu wa halali hana fedha ya kuununua, umempa dhambi tu. Mababu zetu waliweka wakfu minazi, mikarafuu, visima na nyumba. Hapakuwa na kilichowazuia kuweka wakfu chombo cha baharini, na sisi hatuzuiwi. Naomba Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ikae na kamati za wavuvi za shehia waangalie uwezekano wa wakfu wa zana: mwenye juya alilete lichomwe hadharani, apewe mishipi, dema au jarife la macho yanayokubalika, na deni lake la mashine lipewe muda. Wapemba walioko Oman, Dubai na Uingereza wanachangia misikiti kila mwaka, mingine iko hatua chache kutoka mwingine. Mjengewa msikiti akikosa kitoweo ataswali, lakini atavuta juya akitoka. Na masheikh mtoe kauli juu ya zaka pia: mvuvi aliyeacha zana haramu akabaki na deni, anaingia katika mafungu manane ya Suratul Tawba au haingii? Mimi nadhani anaingia kwa fungu la wenye madeni. Sina elimu ya kutosha kulifunga jambo hilo, ninyi mnayo.

Nimeandika hadharani kwa sababu bahari nayo ni ya hadhara, na majibu nitayapokea hivyo hivyo. Atakayeona nimeipinda aya au hadithi popote hapa, anirekebishe kwa kitabu. Atakayesema muda wa hotuba hautoshi, nitamwomba aanze na aya tatu tu, 163 mpaka 165.

Wassalaam alaykum,

Mwalimu wa skuli na mtoto wa mvuvi,
Pemba